Karata Zikigoma Mkononi: Kutafuta Chanzo cha Madoido Yanayoharibika

Pepeo lako lina pengo. Karata thelathini zimefunguka vizuri kama mkia wa tausi, halafu fungu la karata nane au tisa limeshikana kana kwamba limegundishwa, halafu chache zinachungulia mwishoni. Unafunga, unafungua tena, pengo liko pale pale. Wengi wetu hapo tunafanya jambo moja tu: tunarudia mara mia nyingine. Nami nilifanya hivyo kwa miezi, na mkono ukalizoea kosa kiasi kwamba kulitoa kulikuwa kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kosa la madoido, yaani hizi mbwembwe za mikono na karata, huonekana sehemu moja na huzaliwa sehemu nyingine, mara nyingi hatua moja nyuma. Pepeo hufunguliwa na kidole gumba cha mkono wa kulia, lakini anayeliharibu ni mkono wa kushoto ulioshika. Utepe, yaani karata zilizotandazwa kwa mstari mmoja mrefu, hukatika leo mezani kwa sababu ya ulichofanya jana ukiwa umekaa kitandani. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, pima kwanza. Ninamwandikia mtu ambaye tayari anafanya mazingaombwe mawili matatu ya karata na sasa anataka mikono yake ipendeze: mapepeo, kukata kwa mkono mmoja, kufyatua, kutandaza utepe, kusuka.

Kabla ya kuulaumu mkono, pima karata

Toa pepeo. Angalia karata zilizoshikana, zikumbuke mbili tatu: tuseme saba ya uru, ree ya pau na tano ya kopa. Funga, kata pakiti katikati, uweke nusu ya chini juu, kisha toa pepeo tena. Kama lile fungu limehama pamoja na karata zake, yaani saba ya uru na wenzake bado wameshikana ila sasa wako upande mwingine wa pepeo, ugonjwa uko kwenye karata. Kama fungu limebaki mahali pale pale lakini karata ni nyingine, ugonjwa uko mkononi. Jaribio hili halimalizi hata dakika moja, na lingeniokolea muda mwingi kama mtu angenionyesha mapema.

Karata nzuri ya karatasi ni tabaka za karatasi zilizogundishwa pamoja, na juu yake kuna mpako wenye vishimo vidogo sana unavyoweza kuviona ukiielekeza karata kwenye mwanga wa dirisha. Hewa hukaa kwenye vishimo hivyo, ndiyo maana karata mpya huteleza juu ya mwenzake kama iko juu ya barafu. Jasho na mafuta vikijaza vishimo, mteleza umekwisha. Ukila chipsi kisha ukashika pakiti, umeshaanza kuiua.

Kwetu pwani kuna adui wa pili: unyevu. Karatasi huunywa. Pakiti iliyotoka dukani ikiwa imenyooka, ukiiacha mezani wazi Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, baada ya siku chache utaikuta imenenepa. Kipimo chake ni boksi lake lenyewe: karata zilizokuwa zikiingia kwa kusukumwa na kidole sasa zinagoma, zinataka zibanwe kwanza. Pakiti iliyovimba bado inafaa kwa kugawa na kwa mchezo, ila kwenye pepeo itakusumbua na kwenye kusuka itakuchosha kabisa.

Dawa yake ni ya kawaida. Osha mikono na uikaushe vizuri kabla ya kugusa. Mafuta ya kujipaka yasubiri usiku, baada ya mazoezi. Pakiti ikae ndani ya boksi lake, na boksi ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya. Usifunge pakiti kwa rababendi. Huacha alama kwenye kingo, na alama hiyo utaisikia kwenye kila pepeo. Poda ya mtoto nimejaribu, sishauri: dakika chache za mwanzo ni raha, kisha inachanganyika na jasho na kuwa kama unga uliolowa. Wasanii wa jukwaani hutumia unga mwingine kabisa, stereti ya zinki, na hata huo hupakwa kidogo tu, karata moja moja, kwa uangalifu usiuvute puani.

Kuhusu karata za barabarani: zile za plastiki za rangi ya dhahabu zinang'aa vizuri kwenye picha, lakini kwa madoido ni mtihani. Zikiwa kavu hukimbia ovyo, zikipata jasho hunata. Na pakiti uliyoiazima kijiweni ihesabu kwanza. Wanaocheza wahedi wa sitini hutoa nane, tisa na kumi, kwa hiyo unaweza kujikuta unajifunza pepeo kwa karata arobaini au pungufu ya hapo, mkono unazoea unene huo, kisha siku ya pakiti kamili ya 52 kila kitu kinakataa. Jifunze kwa pakiti kamili tangu siku ya kwanza. Kipimo cha kawaida cha karata za aina hii, kama Bicycle za Marekani, ni milimita 63 kwa 88. Kuna nyembamba zaidi za milimita 57, zinazowafaa watoto na wenye viganja vidogo.

Pepeo lina mapengo, na karata hazina kosa

Basi tumefika kwenye mkono. Hapa mahali pengo linapotokea panakwambia mengi.

Karata zikishikana mwanzoni, yaani kumi za kwanza zinatoka kama kipande kimoja, pakiti ilikuwa imesimama wima mno kabla hujaanza. Ilaze kidogo iwe mshazari: sukuma karata za juu zitangulie kwa upana wa nywele chache, ili ubavu wa pakiti usiwe ukuta bali mteremko. Kidole gumba kitapata kila karata ikiwa imeshajitenga na jirani yake.

Zikishikana katikati, tazama kidole gumba chenyewe. Je, unasukuma kwa ncha, karibu na ukucha? Ncha hurukaruka. Tumia nyama ya kidole, ile sehemu unayoweka ukipiga dole gumba kwenye fomu. Na mkono usogee kwa duara kama waipa ya gari, ukizunguka pale pakiti iliposhikwa chini. Anayevuta moja kwa moja kwenda kulia hupata nusu pepeo na mkia.

Zikishikana mwishoni, usiuangalie mkono wa kulia tena. Mkono wa kushoto umebana. Jaribio: shika pakiti kama unavyoishika kwa pepeo, mwombe mtu aliye karibu achomoe karata moja ya katikati. Ikitoka kwa ulaini, mshiko wako ni sawa. Ikitoka pamoja na wenzake watatu, au pakiti nzima ikamfuata, unabana mno. Nilipofanyiwa jaribio hili na mdogo wangu, karata ilikataa kabisa kutoka. Alivuta mpaka ikakunjika kona. Nilikuwa nimeamini mkono wangu umelegea. Mkono unaojifunza hubana bila mwenyewe kujua, hasa mwishoni, kwa sababu unaogopa pepeo lisidondoke. Lishike kwa kidole gumba juu na vidole viwili chini, kwenye ukingo mfupi ulio karibu nawe, kwa nguvu ile ile unayoshikia kikombe cha kahawa ya moto.

Kuna dalili moja inayowasumbua wenye mashoto peke yao: pepeo linafunguka vizuri sana, ila halionyeshi namba hata moja, nyuso tupu tu. Huna kosa. Karata nyingi zimechapwa namba kwenye kona mbili, zile zinazoonekana pepeo likifunguliwa kwa namna ya mtu wa kulia. Tafuta karata zenye namba kwenye kona zote nne, au jifunze kufungua kwa kugeuza mwelekeo.

Kukata kwa mkono mmoja: nusu ya chini haipandi

Mkato wa kwanza ambao karibu kila mtu hujifunza ni wa Charlier. Pakiti inakaa juu ya ncha za vidole, kidole gumba ubavu mmoja, kidole cha kati na cha pete ubavu wa pili, cha mwisho kikiizuia kwa nyuma. Kidole gumba kinaachia nusu ya chini idondoke kiganjani, kidole cha shahada kinaisukuma ipande mpaka ipite ubavu wa nusu ya juu, kisha nusu ya juu inashuka chini yake.

Nusu ya chini isipodondoka, pakiti imezama mno kiganjani, haina pa kudondokea. Iinue. Unapotazama kwa chini unapaswa kuona uwazi ambao yai lingeweza kukaa.

Ikidondoka lakini ikakwama inapopanda, shahada inasukuma katikati. Ipeleke kwenye ukingo. Na nusu ya juu ikikimbilia mbele na kuanguka, kidole cha mwisho kimelala kazini. Wengi hukiinua juu kama wanakunywa chai kwa madaha. Kikirudi nyuma ya pakiti, tatizo limekwisha siku hiyo hiyo.

Mfyatuko unalipuka, na utepe unakatika

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu ni mtu na mwanawe.

Kwenye mfyatuko, yaani kuzikunja karata na kuziachia ziruke kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, zikitapakaa sebuleni sababu ya kwanza ni umbali. Anayeanza humwona bingwa akirusha karata kwa urefu wa mkono mzima, naye anaanza hapo hapo. Anza na sentimita tano. Tano tu, mikono karibu inagusana, vidole vya chini vimekunjwa kama unataka kunywa maji ya bomba. Ongeza sentimita moja pale ambapo umefanikiwa mara kumi mfululizo. Zikitoka kwa mafungu badala ya moja moja, umezikunja kwa nguvu na unaziachia kwa kupanua vidole. Ziache zichomoke zenyewe kutoka kwenye ncha, wewe kazi yako ni kupunguza mbano polepole. Zikitoka zimeenda upande mmoja, kidole gumba kiko kwenye kona, kirudishe katikati ya ukingo mfupi. Fanyia juu ya kitanda, mgongo utakushukuru.

Sasa, karata iliyofyatuliwa mara mia kwa upande mmoja inabaki na mkunjo. Iweke mezani uone: haikai, inayumba kama mtumbwi. Pakiti ya mitumbwi 52 haiwezi kutandazwa utepe. Mtu anahangaika na meza, anabadilisha kitambaa, anabadilisha kasi ya mkono, na kosa lilitokea jana usiku. Ukifyatua mara kumi nyuso zikiwa juu, geuza pakiti ufyatue mara kumi migongo ikiwa juu. Na iliyokwisha kukunjika ikunje taratibu upande wa pili, kisha iache usiku mzima chini ya vitabu vizito.

Kama karata zimenyooka na utepe bado unakatika, basi ndiyo uangalie meza. Kioo, fomeka na mbao iliyopigwa vanishi hazifai. Karata hazina cha kushika. Kitambaa kizito juu ya sponji nyembamba kinatosha, hata ile pedi ya mausi ya kompyuta ikiwa ndefu. Zulia la manyoya marefu halisaidii. Halafu kidole cha shahada kiwe ubavuni mwa pakiti wakati unatandaza, ndicho kinachopima nafasi kati ya karata na karata. Ukiinua karata ya mwisho ili utepe wote upinduke kama wimbi, nao ukaishia njiani, tafuta mahali nafasi ilipokuwa pana: wimbi hufa hapo.

Kusuka: meno hayaingiani

Kusuka ni kugawa pakiti nusu kwa nusu na kuziingiza karata moja baada ya moja, moja ya huku na moja ya kule, kama nywele za msusi hodari. Hili ndilo doido ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linapendeza machoni na pia ni chombo cha kazi kwa mfanya mazingaombwe.

Zisipoingiana kabisa, jambo la kwanza ni kugeuza pakiti. Ulikuwa unasuka migongo ikiwa juu? Suka nyuso zikiwa juu. Karata hukatwa kiwandani kwa kisu kinachopita kutoka upande mmoja, kwa hiyo ukingo wake una mshazari mdogo usioonekana kwa macho, na pakiti nyingi husukika kirahisi kwa upande mmoja kuliko mwingine. Nimewaona vijana wakikata tamaa kabisa na kusuka, kumbe walikuwa wanaisuka pakiti kinyume cha ukingo wake. Kugeuza tu, karata zikazama kama kisu kwenye siagi.

Zikiingia mwanzoni na kukwama katikati, nyoosha kingo kwanza. Gonga pakiti mezani kwa upande mrefu, kisha mfupi, mpaka ukipitisha kidole usisikie hata karata moja iliyojitokeza. Anza kwenye kona, sio upande mzima kwa mpigo. Na punguza nguvu. Kusuka kunataka mguso wa kusikilizia: sukuma kidogo, legeza, sukuma, utazisikia zikianza kupokezana zenyewe.

Zikiingia zote lakini mbili mbili hapa na pale, hukukata nusu sawa, au kuna karata zilizonata. Hapa nina kipimo cha uhakika. Toa jokeri, ubaki na 52. Suka ukihakikisha karata ya juu inabaki juu na ya chini inabaki chini. Ukifanya hivyo mara 8 bila kosa, pakiti nzima inarudi kwenye mpangilio ulioanza nao, kila karata mahali pake. Sio bahati, ni hesabu. Na ukizisahau jokeri mbili ndani, mara 8 hazitakurudisha popote. Kwa karata 54 utahitaji mara 52. Najua mtu aliyesumbuka wiki nzima kwa sababu hiyo moja.

Kama hairudi, utajuaje ulikosea mara ya ngapi? Igeuze karata ya pili kutoka juu, uso wake uangalie juu wakati nyingine zote zimelala kifudifudi. Kila ukimaliza kusuka, hesabu iko ya ngapi. Inapaswa kupita hivi: baada ya mara ya kwanza iko ya 3, kisha 5, 9, 17, 33, 14, 27, na mara ya nane inarudi ya 2. Ukiikuta ya 10 pale inapopaswa kuwa ya 9, kosa limetokea kwenye msuko huo, juu yake, na unaweza kulitazama kabla hujaendelea. Makosa yaliyo chini yake haitayaonyesha, kwa hiyo geuza pia ya pili kutoka chini. Nayo hufuata hesabu hizo hizo, ila ukihesabu kuanzia chini. Karata mbili tu zilizogeuzwa zinakufundisha kuliko kumtazama bingwa kwenye simu jioni nzima.

Mikono inauma

Uchovu kwenye nyama ya chini ya kidole gumba ni wa kawaida kwa anayeanza. Pumzika, kesho utaendelea. Dakika ishirini mara mbili kwa siku zinajenga mkono vizuri kuliko saa mbili kwa mpigo. Lakini ganzi, vidole kuchomachoma usiku, au maumivu yanayopanda kwenye kifundo cha mkono, hayo si ya kuvumilia kwa ushujaa. Weka karata chini, na yasipoondoka kwa mapumziko nenda kamwone daktari.

Nyumbani inakubali, mbele ya watu inakataa

Tazama namna unavyofanya mazoezi. Umekaa, kitanda kiko chini, macho yako mikononi, kimya kimetawala. Sasa umesimama, huna kitanda, unatakiwa umtazame mtu machoni na uzungumze, na viganja vimelowa jasho. Hilo ni doido lingine kabisa, hujawahi kulifanyia mazoezi.

Kwa hiyo lifanyie. Simama. Vaa viatu. Fungua pepeo huku ukimweleza mtu wa nyumbani njia ya kwenda sokoni. Akikuuliza swali katikati, mjibu bila kutazama chini. Utaona doido ambalo ulidhani umelimaliza linaporomoka. Basi umejua lilipofikia kweli. Mimi siku hizi silipeleki doido mbele ya watu mpaka niweze kulifanya huku nahesabu kwa sauti kutoka 50 kurudi nyuma. Jasho lenyewe lina dawa ndogo: leso kavu mfukoni, na ushike leso hiyo kabla ya karata. Na mkono unaotetemeka usiupe mfyatuko. Upe pepeo, au mkato ambao mikono miwili inagusana, ili mmoja umtulize mwenzake.

Watu wanashangilia mikono, mazingaombwe yamekufa

Hii ndiyo dalili ngumu kuliko zote, kwa sababu haionekani kama dalili. Watu wanapiga makofi.

Nilikuwa kwenye send-off ya jirani yetu. Nikamwendea mama mmoja wa makamo, nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akachagua karata, saba ya shupaza, akairudisha. Hapo nikaona ndipo pa kung'ara: nikakata kwa mkono mmoja, nikafungua pepeo, nikafunga, nikafyatua, nikasuka. Kisha nikaitoa saba ya shupaza chini ya sahani yake. Wenzake wakapiga vigelegele. Yeye akatabasamu kwa upole, akanigusa mkono. "Hongera mwanangu, una mikono myepesi. Nimekuona, pale ulipokuwa unazichezea ndipo ulipoitoa."

Hakuwa sahihi. Karata ilikuwa imeshaondoka zamani, kabla ya doido la kwanza. Lakini haikusaidia kitu. Nilikuwa nimemkabidhi maelezo, na mtu aliyepata maelezo, hata yakiwa ya uongo, hashangai tena. Anasifu tu.

Kosa halikuwa kwenye pepeo wala kwenye mfyatuko. Lilikuwa mahali nilipoviweka: katikati ya kuchagua na kufichua. Muda huo ndio mtazamaji anatafuta sababu, na chochote kinachometameta hapo kinageuka kuwa sababu. Siku hizi nikisharudishiwa karata, mikono yangu inatulia kabisa. Nachanga kama mzee anayecheza kijiweni. Doido moja linakuja mwanzoni, na pengine moja mwishoni, siri ikiwa imeshafichuka na watu wanataka kitu cha kufurahia.

Wakubwa wa fani hii walilitatua kila mmoja kwa njia yake. Dai Vernon alisisitiza maisha yake yote kwamba mkono ushike karata kiasili. Cardini, aliyekuwa akitoa mapepeo akiwa amevaa glavu, aliigiza bwana aliyelewa kidogo ambaye karata zinamtokea mkononi bila yeye kutaka. Ustadi ulikuwa mwingi, ila haukuonekana kuwa wake. Lennart Green wa Sweden alikwenda mbali zaidi, akaigiza mtu asiyejua kushika karata. Mwaka 1988, kwenye FISM, mashindano ya dunia ya mazingaombwe, waamuzi hawakuamini kwamba aliyoyafanya yanawezekana, wakadhani watazamaji waliomsaidia wamepangwa. Alirudi 1991, akawapa waamuzi wenyewe wachange karata, akashinda upande wa karata.

Hata hivyo kwetu kuna jambo ambalo wao hawakulazimika kulibeba. Ukifanya karata ya mtu ipotee na kutokea mfukoni mwa mwingine, kuna mtu kwenye kundi atakayesogea nyuma hatua moja na kuuliza kimoyomoyo kama huo si uchawi. Nimeiona hofu hiyo usoni mwa watu wazima, na sipendi kumwacha mtu nayo usiku mzima. Pepeo moja safi mwanzoni linamtuliza. Linasema kabla sijafungua mdomo: huyu amefanya mazoezi, hii ni kazi ya mikono. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayesema mfanya mazingaombwe asiguse madoido kabisa. Liwe salamu yako, moja, limenyooka, kisha mikono inyamaze.

Na usichange kwa madoido ukialikwa kwenye mchezo wa watu wenyewe. Hawatakupa tena zamu ya kugawa, na wana haki.

Karata imeanguka mbele ya watu

Itaanguka. Usiinamie upesi, maana ukiinama pakiti iliyobaki nayo inafunguka na mwanya uliokuwa umeushika kwa kidole cha mwisho, ule unaokuonyesha karata ya mtazamaji ilipo, unapotea. Funga pakiti kwanza, hakikisha mwanya wako uko salama, kisha itazame iliyo chini. Kama si karata ya mtazamaji, mwombe mtu aliye karibu akuokotee, umshukuru, uendelee. Kama ni yake na imelala kifudifudi, iache hapo hapo, weka mguu kando yake usiikanyage, na umuulize polepole alichagua karata gani.